Matundu ya Jikoni kwa Bibi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji usipate taabu ya kumtafuta mjinga katika hadithi hii. Wengine wote walikuwa na akili zao, hata paka.

Mimi ni fundi mwashi. Najenga kuta, napiga lipu, namwaga sakafu. Nyumbani tuko wanne: mama yangu mzazi, mke wangu, binti yetu, na mimi. Binti tunamwita Kijiko. Tangu akiwa mdogo hakutia kitu chunguni bila kukipima kwa kijiko, hata maji ya kuoshea mboga. Sasa ni msichana mkubwa, shule ameshamaliza, lakini jina limemganda.

Jioni kila mmoja wetu ana jambo lake la kujifurahisha. Mke wangu anafuma vitambaa. Mimi nacheza drafti kibarazani kwa vizibo vya soda, na mara nyingi nafungwa. Mama yangu anasugua sufuria zake za zamani mpaka unaweza kujinyolea ndevu kwa kujitazama humo. Naye Kijiko anaoka keki.

Anaokea jikoni kwa bibi yake. Ni chumba kidogo cha matofali nyuma ya nyumba. Kilijengwa na marehemu baba yangu. Kuta zake ni nyeusi kwa masizi ya miaka mingi. Kuna rafu ya udongo, kuna jiwe la kusagia, kuna kigoda cha Mama ambacho hakikaliwi na mtu mwingine. Juu, chini ya paa, marehemu aliacha matundu yaliyopangwa mstari mmoja, kila moja sawa na ngumi. Na juu ya mlango aliacha nafasi wazi.

Hatuna oveni. Kijiko anaoka kwa mkaa, kama bibi yake alivyomfundisha. Anatia mchanga kwenye sufuria kubwa na kuibandika kwenye jiko la mkaa. Ndani yake anaweka sufuria ndogo yenye unga uliokwisha kuvurugwa na mayai, sukari na siagi. Anafunika. Juu ya mfuniko anaweka makaa mengine ya moto. Keki inapata joto chini na juu. Akitaka kujua kama imeiva, anachoma kijiti. Kijiti kikitoka kikavu, keki tayari.

Msimu wa upepo ulipokuja, mambo yakaharibika. Upepo uliingia kwa yale matundu, ukapeperusha majivu. Keki ikatoka na vumbi jeusi juu. Nyingine ikanywea katikati kama kofia iliyokaliwa. Kijiko akalalamika. Mimi nikaona nafasi yangu ya kuwa shujaa imefika.

Nilichanganya saruji na mchanga, nikaziba matundu yote. Nikaziba na ile nafasi ya juu ya mlango. Nikabadilisha mlango wenyewe, nikaupigilia ukanda wa mpira chini ili usipitishe hata pumzi. Mama alisimama nyuma yangu na kuniuliza kama nadhani baba yangu aliacha yale matundu kwa kusahau. Nikamwambia yalikuwa ya zama za kuni na moshi. Mkaa hauna moshi, Mama. Mke wangu alitoka kutazama. Aliutazama ule ukuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kitambaa chake.

Nilipomaliza nilijisifu kwamba sasa hata sisimizi akitaka kuingia ataomba ruhusa.

Mara ya kwanza Kijiko kuokea humo, keki ilipanda vizuri. Haikuwa na jivu hata chembe. Lakini yeye alitoka ameshika kichwa, akasema kinamgonga. Mama naye akasema miguu imelegea na moyo unamchafuka. Nikawatania kwamba wameinusa keki kwa uroho mpaka wamelewa. Walipokaa uani kidogo, wakapata nafuu. Tukala keki, tukasahau.

Mara ya pili mvua ilikuwa inanyesha, nao wakafunga mlango. Mimi nilikuwa kibarazani kwenye drafti. Nikasikia beseni limeanguka nyuma ya nyumba, kisha kimya. Nikaenda nikitembea, wala sikukimbia. Nilipofika nilimkuta Kijiko ameusukuma mlango kwa mgongo, anamburuta bibi yake kwa makwapa, na huku yeye mwenyewe anatapika. Mama alikuwa hajitambui. Paka alitoka nyuma yao akiyumba, akaanguka kwenye matope.

Tulimweka Mama barazani penye hewa. Mke wangu alilegeza nguo zake shingoni na kumwita kwa jina lake. Baada ya kitambo akafungua macho, lakini hakutujua. Tukampakia kwenye gari la jirani, tukamkimbiza zahanati. Pale wakamvisha kifaa cha hewa usoni. Wakampima na Kijiko pia, wakampa hewa hiyohiyo. Kufikia usiku Mama alikuwa anawauliza wauguzi kwa nini shuka zao hazikupigwa pasi. Tukajua amerudi.

Mama alibaki zahanati apumzike. Mimi nilirudi nyumbani na jibu langu mkononi: mayai. Mayai yalikuwa mabovu. Nikatangaza kwamba kuoka kumekwisha katika nyumba hii. Nikaenda jikoni kuchukua ile sufuria kubwa nikaitupe.

Kijiko aliniwahi. Aliifunika sufuria, akaikalia.

Nikamwambia ainuke. Hakuinuka. Macho yake yalikuwa mekundu, uso bado umepauka, lakini shingo imesimama.

"Baba, keki ilikuwa bado haijaiva," alisema. "Hakuna aliyeila. Mayai mabovu yanamlewesha vipi mtu ambaye hajala?"

Nikasema pengine walilamba unga wakati wa kukoroga. Akasema bibi yake halambi unga mbichi, na hilo mimi mwanawe nalijua tangu nanyonya. Nikasema pengine ni harufu.

"Na paka?" akauliza. "Paka hakula, hakukoroga, hakunusa. Alilala tu karibu na jiko la mkaa. Mbona naye ameanguka?"

Nikasema paka ana mambo yake.

"Baba, mimi nikionyeshwa kosa langu, nitaliacha leo. Lakini siachi kuoka kwa sababu ya kubahatisha. Na sufuria hii siitoi."

Nilimwambia ana kichwa kigumu. Mke wangu, ambaye alikuwa mlangoni, akasema anajua kilikotoka.

Kesho yake Kijiko hakunisubiri. Alikwenda kumgongea mlango Nesi, jirani yetu, ambaye anafanya kazi kwenye ile zahanati na ndiye aliyempokea Mama. Akamwomba aje aone mahali penyewe. Nesi ni mwanamke mnene wa maneno machache. Alikuja bado na viatu vyake vya kazini. Mimi nilikuwa nimeshaandaa mayai yaliyobaki kwenye bakuli ili ayaone. Hakuyatazama. Alitazama juu, chini ya paa, akaona viraka vya saruji mpya.

"Nani ameziba hapa?" akauliza.

Nikajibu kwa sauti ndogo kuliko niliyojisifia nayo.

Nesi akavuta kigoda cha Mama, akakikalia bila kujua ukubwa wa kosa lake. Akatueleza kwamba mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haikuwashi macho wala haikufanyi ukohoe. Kwa hiyo mtu haoni sababu ya kukimbia. Anaivuta, inaingia kwenye damu, inakaa mahali pa hewa safi. Kwanza kichwa kinauma. Kisha kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, usingizi mzito. Akiendelea kubaki humo, anaweza kufa huku anadhani amesinzia. Wazee, watoto wadogo na wajawazito huwahi kudhurika.

Mimi sikukubali kwa urahisi. Saruji yangu ilikuwa bado haijakauka vizuri, na sifa zangu pia.

"Lakini Nesi, makaa yalikuwa yameshakuwa mekundu," nikasema. "Moshi ulikuwa umekwisha."

"Moshi ndio uliokwisha. Sumu haikwishi mpaka moto uzimike."

Nikamwambia tuliweka na beseni la maji kando, maana nimesikia watu wakisema maji hunyonya hewa mbaya.

"Maji yale ni ya kunawia mikono, Baba Kijiko. Hayanyonyi kitu. Chumba kinataka njia ya hewa kuingia na njia ya hewa kutoka. Marehemu mzee wako alijua hivyo, ndiyo maana akaacha matundu."

Mke wangu akauliza habari ya baridi. Siku za baridi huwa tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunafunga madirisha, tunalala. Nesi alitutazama mmoja mmoja. Kisha akasema tushukuru kwamba anatuona hapa. Jiko la mkaa haliingii chumba cha kulala, liwe dogo, liwe limebakiwa na makaa mawili. Mtu anayeona baridi aongeze blanketi.

Kijiko akauliza la maana kuliko sote: akimkuta mtu ameanguka tena, afanye nini? Nesi akamwambia alivyofanya jana ndivyo. Fungua mlango na madirisha, mtoe mtu nje haraka, usikae ndani kuzima moto wala kuokoa chakula. Kisha mpeleke kwenye matibabu hata akisema amepona, maana sumu hiyo haitoki mwilini mara moja.

"Keki nikaiacha ikaungua," Kijiko akasema.

"Ulimwokoa bibi yako," Nesi akajibu.

Baada ya hapo nilichukua nyundo. Nilibomoa viraka vyangu kimoja kimoja. Kijiko alisimama amekunja mikono, akanionyesha kimoja nilichokiruka. Nikarudisha ile nafasi ya juu ya mlango, nikang'oa na ukanda wa mpira. Kisha tukakaa chini, yeye na mimi, tukatafuta dawa ya upepo isiyoziba hewa. Yeye ndiye aliyeipata. Kuoka kutoke nje kabisa.

Nilijenga kibanda uani: nguzo, bati juu, kuta hakuna. Upande unaotoka upepo nilijenga kiukuta kifupi, kinaishia magotini, cha kukinga jiko tu. Kwa majivu, Kijiko alimpelekea fundi bati mfuniko wake, naye akaukunja ukingo ukasimama kama wa sinia, ili makaa na majivu yasimwagike. Chumba cha zamani kikabaki cha kuvurugia unga, kwenye rafu ya udongo, mlango wazi.

Mama aliporudi alikagua kazi yote kwa fimbo. Akagonga nguzo, akahesabu matundu yake. Akahamishia kigoda uani, upande ambao moshi hauendi, akakaa. Keki ya kwanza ya kibandani ilichelewa kidogo kuiva, maana nje joto hukimbia. Ya pili Kijiko aliongeza makaa ya chini, ikapanda, ikashika rangi ya kahawia juu, na hakuna aliyeshika kichwa. Paka alilala pale pale karibu na jiko, akaamka mwenyewe kwa njaa.

Majirani walianza kuja kwa harufu. Kijiko akaweka sheria yake. Hakuna kipande mpaka mtu aeleze jiko lake la mkaa linakaa wapi. Aliyesema linakaa ndani na mlango umefungwa, alipewa somo kwanza, keki baadaye. Mzee mmoja tunayecheza naye drafti alijaribu kudanganya. Kijiko akaenda naye mpaka kwake kuhakikisha. Walirudi wote wawili wamekasirika, lakini dirisha la yule mzee liko wazi mpaka leo.

Hapo ndipo alipofika dada yangu mkubwa. Anauza vitambaa sokoni, na sauti yake imezoea kushindana na soko. Alikuwa mbali Mama alipougua. Kijiko alimwamkia kwa heshima zote, akamletea kiti. Shangazi mtu hakukaa. Alikitazama kile kibanda, akayaona makaa juu ya mfuniko, akaanza. Mama yetu alitaka kufa kwa sababu ya keki. Watu wenye akili wangekuwa wameshatupa sufuria hizo. Msichana ajifunze kufuma kama mama yake, kitambaa hakijawahi kumtoa mtu roho. Nilimweleza habari ya mkaa na hewa, kama Nesi alivyoieleza. Akasema hayo ni maelezo, na yeye hajaja kwa maelezo. Amekuja kusikia kwamba kuoka kumekoma.

Mama akafungua mdomo, dada akamwomba asijichoshe. Mke wangu akaacha kufuma. Mimi, kwa kupenda amani, nikaanza kusema kwamba labda Kijiko angepumzika kidogo, mpaka mambo yapoe.

Kijiko alikuwa ameinama anachoma kijiti. Kilitoka kikavu. Akaipua sufuria, akaiweka chini taratibu, akajipangusa mikono.

"Shangazi, shikamoo nimeshakupa, kwa hiyo usinihesabie utovu wa adabu," alisema. "Aliyeziba matundu ni Baba. Mbona hakuna hata mmoja aliyemwambia aache ujenzi?"