Maputo Manne ya Kaboni

Duka la vifaa vya sherehe lilifurika watu. Mwalimu wa kemia aliomba maputo manne, na mpambaji wa maharusi, dada wa gauni jekundu aliyekuwa nyuma yake, akaangua kicheko.

"Manne tu? Paka anaolewa? Na shati lako, kaka, mgongoni halipigwi pasi?"

"Nani ataniona mgongo?"

Mwalimu aliyapuliza, akayafunga mikia pamoja. Yakasukumana yenyewe, kila moja likashika pembe yake.

"Hii ni atomu ya kaboni. Ina vyumba vya elektroni: kimoja cha duara na vitatu virefu. Ikitaka kushikana na wenzake, huvichanganya, vikatoka vinne vinavyolingana. Kisha chumba chake huingiliana na cha mwenzake, na hapo elektroni mbili hukaa pamoja."

"We Ticha! Hilo somo lina adabu kweli?"

Kwa miezi mitano iliyofuata simu kati yao hazikukatika. Hata siku ile dada alipouliza, "Mpenzi, nimepata kazi mji mwingine. Naondoka Ijumaa. Unasemaje?"

Moyo ulimpasuka mwalimu, kiburi kikamjibia. "Kaulize heliamu unayojazia maputo. Haishikani na yeyote, na inapaa."

"Asante. Nimekuelewa."

Simu ikakatika. Chumbani kwa mwalimu palikuwa na kikombe kimoja, na kiti cha pili kilibeba mashati. Siku tatu, akitoka shule, hakuongea na mtu ila birika.

Alhamisi, chaki mkononi, akajisikia akiliambia darasa: "Kaboni ikikataa kubadili umbo, hubaki na mikono miwili tu ya kushika wenzake." Akaiweka chaki chini. Darasa likadhani amesahau somo.

Ijumaa alifika stendi akihema, maputo manne yamefungwa pamoja.

"Nilijitia heliamu, mpenzi. Mimi si heliamu. Nenda kazini kwako. Mimi nimeomba uhamisho nikufuate."

"Uhamisho huchukua mwaka, Ticha."

"Najua."

Dada alimkazia macho. "Geuka."

Akageuka. Shati lilikuwa limenyooka hadi mgongoni. Dada alipitisha kiganja pale, taratibu, akachukua maputo na kupanda basi.

Mwalimu alirudi peke yake. Alikuwa akiondoa mashati kwenye kiti cha pili simu ilipolia.

"Ticha, maputo yako yamekalia kiti cha pembeni yangu. Abiria ananiuliza kama kina mtu."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia kina mtu. Yuko njiani."