Hodi ya Ukutani

Ngome ya Roccastrella haikuwa imewashwa mshumaa tangu umeme ulipopanda mlimani, lakini asubuhi ile Ersilia aliingia ukumbini akakuta harufu ya nta iliyozimwa sasa hivi. Akamuuliza mumewe, Oreste, fundi aliyeajiriwa kufufua picha za ukutani.

"Mimi na mishumaa wapi na wapi, mke wangu?" alijibu fundi yule kutoka juu ya jukwaa, huku akikwangua chokaa.

Chini ya chokaa zilikuwa zikitokea picha za kale: farasi, mabwana, meza ya karamu. Oreste alikuwa na hamu moja tu, kuiona ngome ile ilivyokuwa enzi za wenyewe. Halafu alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Hata kwake haingii bila hodi, na Ersilia hakuchoka kumtania: "Ingia, bwana wee, nyumba yako hii!"

Siku moja ya ukungu, ukuta uligongwa kwa ndani.

"Usijibu," Ersilia alinong'ona. Mlimani kote watu wanajua: ukuta ukigongwa kwa ndani, wewe nyamaza uondoke.

"Sijibu. Nauliza tu." Akausogelea. "Hodi?"

Adabu gani hiyo, jamani!

"Karibu," sauti ikaitika.

Ukuta ukaachana kama mlango, na Ersilia akaona ua umejaa askari wenye mikuki, mizinga iking'aa juu ya kuta, bendera nyekundu kwenye minara ambayo yeye aliijua ikiwa magofu, nguruwe mwitu akizungushwa motoni, na watu wote wale, wapishi kwa mabwana, wamegeuza nyuso kumtazama mumewe bila kupepesa, naye anacheka kwa furaha, anaingia, hatazami nyuma, na alipomkimbilia, mikono yake ikagota kwenye rangi mbichi.

Padri wa kijiji, Don Fulgenzio, alinyunyiza maji ya baraka akasali mpaka sauti ikamkauka. Ukuta haukujali. Kwenye karamu iliyochorwa alikuwa ameongezeka mtu mmoja, ameshika chombo cha kukwangulia chokaa.

"Atarudi, padri?"

"Atakayegonga si yeye, binti yangu. Usimwitikie. Ukimkaribisha mmoja, umewakaribisha wote."

Ersilia alirudi kwake akalia mpaka machozi yakamwisha. Alikuwa akikoroga polenta, ugali laini wa kwao, aliposikia ukuta wa jikoni ukigongwa.

"Hodi, mke wangu. Huku hakuna wa kunitania."

Akaziba mdomo kwa viganja viwili. Si yeye. Alijua kabisa kwamba si yeye. Lakini sauti ilikuwa ile ile, na upweke ulikuwa umemla hadi mifupani.

"Hodi," ikarudia, taratibu, kwa adabu zake zote.

Viganja vikamshuka.

"Ingia, bwana wee," alisema kwa kwikwi, "nyumba yako hii."

Harufu ya nta ikajaa jikoni. Akasikia hatua za Oreste zikija, na nyuma yake viatu vya chuma, vingi, navyo vikiingia bila hodi.