Sambaza za Juu na Sambaza za Chini

Kila asubuhi Nzigire alivuka mpaka kutoka Bukavu na beseni la sambaza, dagaa wadogo wa ziwani, kichwani. Aliuza kwenye soko dogo upande wa Gihundwe. Na kila asubuhi Mirindi, mkaguzi wa soko, aliinama, akanusa, akaamua. Pua tu. Miaka mitatu nyuma, pua hiyo ilimwaga shimoni samaki wazima wa Nzigire, watu wakitazama. Ilikuwa Jumanne. Nzigire hakusahau.

Siku moja mjukuu wake Divine alikuwa anabatizwa hapohapo Gihundwe, na sambaza za siku hiyo ndizo zilikuwa chakula cha wageni.

Mirindi akanusa. "Hizi zimeoza, Maman."

"Pua yako iko na mafua, Papa Mirindi. Hata choo utasema ni manukato."

Wanawake wa sokoni wakacheka. Aurore, mtafiti wa kemia, alikuwa hapo akijaribu vipimo vyake. Akasogea na vikaratasi vya zambarau.

"Pua ipumzike, Papa. Tujaribu hii."

"Ni plastiki?" Nzigire aliuliza.

"Hapana, Maman. Ni nyuzi za mgomba na maji ya shu, ile kabichi ya zambarau. Samaki akioza anatoa hewa mubaya. Ile hewa inageuza karatasi kuwa kijani. Ukiona kijani, usikule, utaumwa tumbo. Karatasi yenyewe unatupa shambani, inaoza."

Wakafunika sambaza chache na karatasi kwenye sahani. Wakangoja. Ikabaki zambarau.

"Sema sasa," Nzigire alimwambia Mirindi.

"Pima na za chini."

Nzigire akafunua beseni. Chini ya jani la mgomba alikuwa ameweka mabaki ya jana, kama wauzaji wote walivyofanya. Aurore akayafunika na karatasi mpya, nayo ikawa kijani kama majani ya maharage.

"Za juu ziko muzuri. Jani limezikinga," Aurore alisema. "Zioshe, upike sasa hivi. Lakini usiweke tena za jana chini ya za leo. Zinazobaki, anika siku ileile, juani."

Zile za chini Nzigire alizimwaga mwenyewe. Mirindi alimshikia beseni.

"Ile Jumanne," alisema polepole, "labda nilikosa."

"Labda?"

"Nilikosa, Maman."

Siku hizi sokoni hapo kila beseni hupimwa, juu na chini, na mabaki huanikwa mapema. Wateja wameongezeka.

Lakini siku ile ya ubatizo, Mirindi alialikwa. Alipoletewa sahani, akainama kidogo kwa mazoea.

"Papa," Nzigire alimwambia, "hapa pua haina kazi. Leta mdomo."

Alikula sahani tatu.