Poone na Moshi wa Bibi

Kama kawaida, Nthatisi aliwasha moto wa samadi kavu, akampa bibi yake uji, kisha akamwita mbwa wao, Poone, wakatoe kondoo zizini. Poone alifika mlangoni, akanyoosha shingo na kukohoa kikohozi kikavu mpaka mbavu zikamcheza.

"Kaanza tena!" alisema Mjomba Khotso akijifunga blanketi lake. "Mbwa gani huyu anaachwa na kondoo? Akimwambukiza yule mbwa mwenzake, nani atalinda zizi? Jumamosi nampiga risasi."

Nthatisi alimkumbatia Poone shingoni. Huyu Poone ndiye aliyewahi kumtimua mbweha kwenye theluji, peke yake!

"Thubutu!" Bibi alifoka. "Kifua tu hicho. Tutamfukiza kama tunavyojifukiza sisi."

Na Bibi akisema, amesema. Jioni chungu cha majani machungu ya mlimani kilichemshwa juu ya moto wa samadi, mlango ukafungwa, moshi ukajaa ndani, Poone akafunikwa blanketi pamoja na chungu chake. Maskini, alivumilia. Kesho yake alikohoa zaidi, na Bibi akaongeza majani.

Lakini Nthatisi alikuwa mtoto mwenye macho. Aliona kwamba malishoni Poone hukohoa mara chache sana, ila akilala ndani karibu na moto, kifua kinalia filimbi. Tena yule mbwa mwenzake, anayekula naye sahani moja na kulala zizini, hakuwa na hata chafya. Sasa angemwambiaje Bibi? Kijiji kizima kilimjua Bibi kwa kufukiza.

Ijumaa jioni, Poone alianza kutapatapa chini ya blanketi. Nthatisi alichungulia. Tumbo lilikuwa likivuta kwa nguvu, na fizi zimegeuka buluu.

"Bibi, ni moshi!" Alivuta blanketi, akafungua mlango na kumbeba Poone hadi nje.

"We mtoto una wazimu? Utamuua kwa baridi!"

"Nisamehe, Bibi. Lakini mtazame, tafadhali."

Alikaa naye bila kumbana, akimsemesha polepole. Taratibu pumzi zikatulia, fizi zikarudia rangi yake. Bibi alisimama mlangoni na blanketi mkononi.

Jumamosi Mjomba Khotso, aliposikia yaliyotokea, aliiacha bunduki ukutani, akampakia Poone kwenye farasi pamoja na Nthatisi hadi kwa daktari wa mifugo, Mama Mantoa. Daktari alisikiliza kifua, akauliza maswali mengi, na Nthatisi akayajibu yote.

"Ni ugonjwa wa kifua unaofanana na pumu," alisema daktari. "Hauambukizi. Huenda usiishe kabisa, lakini unatunzika. Mpeni dawa hii kama nilivyoandika, msimpe dawa za watu. Alale mbali na moshi na vumbi, asikimbizwe sana. Fizi zikiwa buluu tena, mleteni mbio. Nani aliyegundua kuwa ni moshi?"

"Huyu hapa," Mjomba alisema, akimshika Nthatisi bega. "Mimi nilichokuwa nacho ni risasi tu. Jamani, mtoto huyu!"

Nyumbani, Bibi alimketisha Nthatisi karibu naye.

"Nimefukiza watu tangu mama yako hajazaliwa," alisema. "Safari hii niliitazama dawa yangu, nikasahau kumtazama mgonjwa. Wewe ulimtazama, mjukuu wangu, na ninakuonea fahari. Ila siku nyingine ukiona nakosea, usingoje mpaka mtu aishiwe pumzi. Niambie kwa adabu, lakini niambie."