Kivuli Kwenye Ukuta wa Kupimia Taa

Jua lilikuwa linazama dada wa fundi Volti alipoingiza gari gereji, taa ya mbele ya kushoto imekufa.

"Mdogo wangu, fanya haraka. Mama ameruhusiwa hospitali, ananisubiri getini."

Jina la Volti alijipachika mwenyewe, msicheke. Shule ilimshinda mapema, lakini kwa umeme wa magari, kwa maneno yake, hata betri zilikuwa zinamwamkia.

"Dada, hii kwangu ni kama kumsukuma mlevi. Kaa kwenye usukani. Nikisema washa, unawasha."

"Mdomo huo! Fanya kazi."

Shida ilikuwa moja. Taa ya aina ile hakuwa nayo. Iliyokuwepo ilikuwa kwenye gari bovu lililofunikwa turubai kule nyuma, na mwenye gereji alishakataza: kwenye gari hilo isitoke hata skrubu. Dereva wake aliapa kwamba amemgonga mtu. Watu wakatafuta vichakani, wakatafuta mpaka mtaroni. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na damu. Na taa ya kushoto haikuwa na hata mkwaruzo.

Volti akaing'oa.

Ilikuwa ya baridi... Kwenye kioo palikuwa na ukungu, kama pumzi. Akaufuta kwa shati. Haukutoka.

Ulikuwa upande wa ndani.

"Vumbi tu," akajiambia. Akaifunga taa, akaelekeza gari kwenye ukuta wenye mistari ya chaki, ule wa kupimia mwanga usiwachome macho madereva wengine.

"Washa!"

Katika mwanga wa kushoto palikuwa na kivuli. Kichwa. Mabega. Mikono imening'inia. Mtu kasimama kaupa ukuta mgongo... na pale ukutani hapakuwa na mtu.

"Zima. Washa."

Kivuli kimekua. Kichwa kimefika kwenye mabati.

Sasa, uchafu haukui. Kivuli hukua mtu anapoisogelea taa. Hilo hata Volti aliyekimbia hesabu alilijua. Pua yake ikanasa harufu ya majani mabichi na tairi lililoungua.

"Zima," akanong'ona. "Washa..."

Nusu ya ukuta ikawa nyeusi tii.

"Volti, imeungua tena?"

"Zima! Haya... washa."

Ukuta mweupe. Mistari ya chaki yote inaonekana. Volti akashusha pumzi, akataka hata kucheka.

Kiii...

Springi ya mbele, upande wa abiria. Gari likainama taratibu, kama linavyoinama mtu mzito anapoketi.

"Dada..."

"Nini tena?"

Angesema. Neno moja tu. Lakini aseme nini? Kwamba ameiba taa? Kwamba fundi mzima anaogopa kivuli?

"Hamna kitu. Si nilikwambia? Kumsukuma mlevi."

Gari likaondoka, limelalia kushoto.

Volti hakukaa. Alishika spana, akaiweka. Akaishika tena. Akaenda mlangoni, akarudi. Akapiga simu ya dada yake, haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, na aliyepokea alikuwa mama, anaongea chinichini.

"Mwanangu, dada yako ananilazimisha nikae mbele. Nitakaaje mbele na kuna mtu? Nimekaa nyuma."

"Mama... mwambie asimame. Mshuke!"

"Tushuke wapi, katikati ya barabara? Kijana mwenyewe mpole. Ila kalowa, masikini, na shingo yake..."

Kwenye simu Volti alisikia upepo, na matairi yanakimbia juu ya lami.

"Mama!"

"Anasema mwanga unamuumiza macho. Anamwomba dada yako azime taa."

"Asizime! Mama, mwambie asizime!"

"Dada yako hamsikii, mwanangu. Ndiyo maana ananyoosha mkono azime mwenyewe."

Tik.