Mashine Iliyonyamaza

Mvua ya Mbarara haina adabu. Ilimkuta Olga katikati ya mtaa wa maduka ya simu, watu wanasukumana, bodaboda wanapiga honi, naye amevaa kitenge cha njano alichokitunza kwa ajili ya safari. Kitenge cha pili, kile kizuri zaidi, alikitumia kufungia kitu kifuani. Akakimbilia mlango wa kwanza aliouona na kumgonga kijana aliyekuwa anatoka na skrini mikononi.

"Pole, kaka! Sikukuona."

"Hata miye sikukuona. Sasa ninakuona vizuri," kijana akasema. "Mutoto amelala?"

"Haiko mutoto! Ni diski ya kompyuta. Inalia krr, krr, na haifunguke."

Kijana akacheka mpaka skrini ikataka kumponyoka. Huyo ndiye Ishema, fundi wa kompyuta, mtoto wa wakimbizi wa Kivu ya Kusini aliyekulia kambini Nakivale, hapahapa Uganda, kama Olga, kisha akahamia mjini kutafuta kazi. Mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Maneno ya kutania wageni alikuwa nayo. Ya moyoni, hapana. Huko alikuwa na mdomo mzito, na mtanisikia nikilalamikia jambo hilo mpaka mwisho.

Ndani ya diski kulikuwa na nyimbo za kwaya zilizorekodiwa kambini. Mwalimu wa kwaya alikuwa Semahoro, baba yake Olga, naye alikwisha kuzikwa. Sauti yake ilibaki humo tu. Kila Jumapili Mama Marthe, mjane wake, aliuliza atazisikia lini tena.

"Nisaidie, kaka. Ni hii tu tuko nayo."

"Iache kwangu," Ishema akasema.

Simu zikaanza. Mwanzoni waliongea habari za diski, baadaye diski haikutajwa kabisa. Olga alipotoka shambani, mgongo unamuuma, alipanda kilima cha Kabazana, hukohuko kambini, ambako mtandao haukatiki.

"Mupenzi, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Ee Mungu! Weye maneno unanunua dukani?"

Ishema alicheka tu. Olga alimweleza yote, mahindi yaliyokauka, foleni ya maji, goti la Mama, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kwake kusikiliza ndiko kulikokuwa kupenda. Olga hakuambiwa hivyo, angejuaje?

Mwaka huo wa 2012, kabla ya masika kwisha, Ishema akapiga simu mwenyewe. "Njoo Jumamosi." Basi, akakata.

Alikuwa ameandika skripti, amri zilizopangwa zifuatane, ili mashine ihamishe nyimbo za diski kwenye kompyuta yake, wimbo mmoja baada ya mwingine. Na kila ambacho mashine ingesema, alikiamuru kiandikwe kwenye faili badala ya kuonekana kwenye skrini, akisome baadaye kwa utulivu. Diski ilikuwa hoi. Ingestahimili kazi hiyo mara moja tu. Hayo alipaswa kumwambia Olga, hakumwambia. Akaianzisha kazi, akaenda kununua petroli ya jenereta, maana umeme wa mjini hauaminiki.

Olga akafika kwa barabara ya Rwekubo, vumbi mpaka kwenye nyusi, miguu imekufa ganzi. Duka wazi, fundi hayupo, skrini nyeusi tii, kijistari kimoja cheupe kinapepesa. Akangoja. Hakuna kitu. Sasa, katika chumba cha kompyuta cha kambini, alikojifunzia, umeme ni wa jua na betri ni ndogo. Mashine inayokaa bure huzimwa, na anayeiacha ikiwaka husemwa mbele za watu. Olga akanyoosha mkono, akaizima. Kwa upendo kabisa! Akafuta na meza.

Ishema akarudi na dumu lake. "Umezima?"

"Ilikuwa haifanye kitu. Nikakutunzia umeme."

Akaiwasha tena. Diski ikalia krr, ikanyamaza, na safari hii hata krr haikurudi. Ishema akakaa chini taratibu.

"Juu ya nini unanyamaza? Nyimbo iko wapi?"

"Nitakuambia."

"Lini? Mama anazeeka! Umeniita nitembee mbali hivi, nione skrini nyeusi? Ile kazi haukuigusa!"

Sentensi moja ingetosha. Lakini sentensi hiyo ingemwambia Olga kwamba ni mkono wake mwenyewe ulioinyamazisha sauti ya baba yake. Ishema akaona afadhali aonekane mvivu. Ni upendo, sikatai. Lakini upendo wa namna hiyo unachosha, jamani!

Olga akaondoka. Ishema alipompigia, Olga aliilaza simu kifudifudi mkekani na kulia.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa, Ishema akatokea Nakivale, kompyuta begani, shati jeupe limekuwa la udongo. Olga alikuwa anapura maharage, Mama Marthe ameketi mkekani.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kusema."

"Weye? Kusema?"

Ishema akasema yote. Mashine ilikuwa inafanya kazi siku ile, ila ilikuwa inaandika kwenye faili. Faili lilionyesha nyimbo zilizotoka, na pale zilipokatika. "Zilizobakia hazitarudi, Olga. Nilificha, juu sikutaka ujue ni mukono yako."

"Ni miye?"

"Na miye pia. Sikukuambia."

Olga akalia kwa sauti, bila kujificha. Kisha akajifuta kwa upindo wa kitenge. "Zilizotoka ni gani?"

Ishema akafungua kompyuta, akaanza kuzinakili kwenye flashi. Safari hii aliipanga mashine iandike kwenye faili na papo hapo ionyeshe kwenye skrini. Majina yakashuka, Olga akimsomea mama yake. Lilipofika la wimbo "Tutavuka", Ishema akaufungulia. Humo ndani mtu akakohoa. "Sauti ya tatu, muko nachelewa!" akafoka Semahoro, kisha akaimba.

Mama Marthe akaweka kiganja juu ya kompyuta. "Kikohozi ni kilekile," akasema, machozi yakimtiririka.

Taa ya betri ikawa nyekundu. Olga akamgeukia Ishema. "Na weye, iko kitu ingine unaandika mu kichwa bila kuonyesha?"

"Iko."

"Onyesha."

"Nataka kukuoa. Tangu siku ya mvua. Nimechoka kuwaza pekee yangu."

"Sema tena, Mama asikie."

Akasema tena, kwa nguvu, mpaka jembe la jirani likatulia.

"Tumesikia," akasema Mama Marthe. "Lete wazee wako."

Olga akacheka kicheko cha mtu aliyechoka sana. Majina yalikuwa bado yanashuka.

"Betri inaisha, mupenzi," Ishema akasema, akinyoosha mkono. "Nizime?"

Olga akaushika mkono huo, akauweka mapajani mwake. "Acha. Iko nafanya kazi."