Kibodi Moja, Watu Wawili

"Hiyo kompyuta huondoki nayo."

"Ilikuwa yangu kabla hujanioa!"

Mshonaji alikuwa ameikumbatia kompyuta ya kizamani, ile yenye kisogo kikubwa, huku mumewe, fundi wa minara ya simu, ameziba mlango. Vitanda na vyombo walishagawana bila kelele. Miaka mitatu ya mume kuishi kambini kikazi ilikuwa imeiua ndoa, na leo walikuwa wanaizika.

"Huenda hata haiwaki," fundi alisema. "Tuijaribu. Kama imekufa, tunagombania nini?"

Akaichomeka. Ikanguruma, ikakohoa, kioo kikafunguka buluu tupu. Mchezo wao wa zamani ukatokea: vijitu viwili vya vidoti, kimoja chekundu, kimoja kijani, chini ya mawingu ya mraba. Kimuziki chake cha kitoto kikaanza, na mchana wote ukalainika. Mshonaji alijikuta amekaa. Fundi akavuta kiti. Mume akashika vitufe vya herufi, mke vya mishale, mabega yakagusana kama enzi za uchumba.

"Sogea, unanibana."

"Kibodi ndiyo inatubana, mke wangu."

Mke wangu! Mshonaji alijifanya hakusikia, lakini kijitu chake kiliruka kabla ya wakati.

"Kule kambini nilicheza michezo hii ya kisasa kwenye simu," fundi alisema taratibu. "Watu mia uwanja mmoja. Majani yanatikiswa na upepo, maji yanang'aa hadi unasikia kiu. Lakini hakuna wa kunipiga kiwiko."

Mshonaji akacheka, akajishangaa. Lini alicheka mara ya mwisho?

Wakafika kwenye daraja la kamba. Kijitu chekundu, cha fundi, kikatumbukia shimoni.

"He! Pale hata mtoto anavuka!"

Fundi alimgeukia.

"Nimejiangusha. Daraja hili halibebi wawili. Nikianguka mimi, wewe unafika."

"Na zamani pia ulijiangusha?"

"Siku zote. Nilipenda kukuona ukifika."

Vidole vya mshonaji vikaganda kwenye mishale.

"Kumbe ndiyo tabia yako. Hata kazi ya kambini uliikubali bila kuniuliza."

"Nilitaka upate duka lako la kushona."

"Nimelipata! Siku ya kufungua nikageuka nikuonyeshe, nikaona ukuta. Nani alikwambia nataka kufika peke yangu?"

Macho ya fundi yalikuwa yamelowa.

"Sikujua," alisema. "Nilidhani hayo ndiyo mapenzi."

"Ungeuliza."

Simu ya mshonaji ikatetemeka mezani. Ujumbe wa mdogo wake: "Dada, gari la mizigo limefika. Tuje kukuchukua?"

Mshonaji aliusoma mara mbili. Kisha akaandika: "Mwambie dereva aende zake. Nitakupigia."

Fundi aliuona ujumbe ukiondoka.

"Wameniletea mkataba mpya wa kambini," alisema. "Sijausaini. Nikuulize?"

"Niulize."

"Niusaini?"

"Hapana. Nataka urudi nyumbani."

"Basi nimerudi."

Mawingu ya mraba yalizidi kupita polepole kwenye kioo. Mshonaji akaegemeza kichwa begani kwa mumewe.

"Sasa nihadithie hiyo miaka mitatu," alisema. "Anzia siku ya kwanza, na usiruke popote."

Fundi akaanza.